Dakika Kumi na Mbili za Hajja Watfa

Tangu duka la magodoro liungue ng'ambo ya barabara, Rudaina hakulala usingizi wa raha hata siku moja.

Mchana alifanya kazi zake kama kawaida. Aliwaamsha watoto wake, Sinan na Joud, akawapa mkate wa zaatari, yale majani makavu yenye ufuta, na mafuta ya zeituni, akawasindikiza ngazini waende shule. Kisha alipanda hadi ghorofa ya nne na birika la chai kumjulia hali mama mkwe wake, Hajja Watfa. Halafu akashuka hadi chini kabisa, kwenye duka la mumewe Mufleh, kumsaidia kupanga masinia ya kunafa, keki tamu ya jibini na shira.

Nyumba ile aliijenga marehemu baba mkwe. Alianza na chumba cha duka. Kila mtoto wake wa kiume alipotaka kuoa, mzee alipandisha ghorofa nyingine juu. Duka chini, ukoo mzima juu yake, na ngazi moja tu ya kupandia na kushukia. Huko Zarqa, mji wa Yordani, wengi wanaishi hivyo, wala hakuna anayeona ajabu.

Ngazi yenyewe ilikuwa giza. Haikuwa na dirisha hata moja. Mwaka uliopita Hajja Watfa aliteleza hapo akavunjika nyonga. Tangu hapo anatembea na mkongojo. Anashuka kidato kimoja, anapumzika, anamtaja Mungu, ndipo anashuka kingine. Watoto wake walimwomba ahamie chini. Alikataa katakata, maana ghorofa ya nne ndiko kuliko na jua, na ndiko alikopanda nanaa yake kwenye makopo.

Basi Mufleh akapata wazo. Aliamua kubomoa ukuta uliotenganisha duka na ngazi, aweke kioo. Mwanga wa dukani ungeingia ngazini, na mama yake angeona anapokanyaga. Pembeni ya kioo angeweka mlango, wa kioo vilevile, ili watu wa nyumbani wasizunguke uchochoroni kila wanapotaka kuingia dukani. Nia yake ilikuwa njema. Ukuta ukabomolewa, tundu likafunikwa kwa turubai, na kazi ya kioo akapewa Shtaywi, mtoto wa ami yake, mwenye karakana ya alumini na vioo.

Wiki hiyohiyo ndipo duka la magodoro lilipoungua. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini Rudaina aliona yote kutoka dirishani kwake. Duka lile lilikuwa na kioo kikubwa ambacho mwenyewe alijisifu nacho, eti ukikipiga nyundo hakivunjiki. Moto ulipokilamba, hazikupita dakika nyingi, kikapasuka mara moja chote, kikamwagika chini chembechembe. Moto ukatoka nje na kushika hata kibanda cha jirani. Kesho yake asubuhi Rudaina alizifagia zile chembe mlangoni kwao.

Akamuuliza mumewe, kioo chetu sisi ni cha aina gani? Mufleh akajibu kwa furaha kwamba ni kilekile, kioo kigumu. Shtaywi amesema hata gari likikigonga hakijali.

Toka siku hiyo Rudaina akawa hana raha. Dukani kulikuwa na majiko manne ya gesi, samli, na karai la mafuta ya kukaangia kaimati. Kila alipoangalia lile tundu lililofunikwa turubai, alikiona tena kile kioo kikimwagika. Siku ya kumpeleka Hajja Watfa kliniki alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Walipoanza kushuka ghorofa ya nne alitazama saa ya simu yake. Walipofika uchochoroni akaitazama tena. Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili.

Jirani yao mmoja aliitwa Hanadi. Alikuwa mhandisi, na kazi yake ilikuwa kukagua ramani za majengo. Kila Alhamisi jioni alipita kununua kunafa ya mama yake. Alhamisi ile Rudaina alimshika mkono, akampeleka nyuma ya duka, akamwonyesha tundu. Akamweleza habari ya kioo, ya magodoro, na ya zile dakika kumi na mbili. Alieleza haraka haraka kama mtu anayekiri kosa.

Hanadi alifunua turubai, akachungulia ngazi, akaguna.

"Mama Sinan, hofu yako ina haki," alisema. "Kile kioo kigumu ni kizuri kwa kazi yake. Kinahimili kupigwa, na kikivunjika hakikati watu. Lakini kugongwa ni kitu kimoja na moto ni kitu kingine. Moto wa kweli ukikipata, dakika chache tu kimekwisha. Ulijionea mwenyewe."

"Na kile chenye waya ndani? Shtaywi anacho pia."

"Chenye waya kinaweza kuzuia ndimi za moto kwa muda. Joto kinalipitisha. Mtu akipita karibu yake nguo zinaweza kushika, na ngozi ikababuka. Ngazi yenu ina upana gani? Mama mkwe wako atapita kando ya hicho kioo, tena polepole."

Rudaina alilitazama tena lile tundu. Akauliza, sasa afanye nini?

Hanadi akamwambia kwanza kwamba hakuna kioo kinachoshinda ukuta wa matofali. Kama wanaweza kuishi bila mwanga, waurudishe ukuta, mambo yaishe. Rudaina akamkumbusha nyonga ya Hajja. Hanadi akakubali kwamba giza nalo linaua. Basi, akasema, kipo kioo kinachotengenezwa kwa ajili ya moto. Kinachomwa kwenye tanuri la majaribio kabla ya kuuzwa, na kila kimoja kina alama iliyochorwa kwenye pembe, isiyofutika. Usisome jina la kampuni, soma herufi na namba. Herufi E inasema kioo kinazuia moto na moshi. Zikiwa mbili, EI, kinazuia na joto pia. Namba inayofuata ni dakika.

"Njia ya kutorokea watu inataka zile herufi mbili," alisema. "Na kwa jengo lenu, lenye jiko chini na ngazi moja, kanuni za hapa zinataka namba isipungue sitini. Kwingine namba inaweza kuwa nyingine. Mtu anauliza zimamoto wa mji wake kabla ya kununua, habahatishi."

"Dakika sitini," Rudaina alirudia. Alikuwa kama mtu aliyepewa maji.

"Ngoja, sijamaliza. Kioo peke yake si kitu. Ukikitia kwenye fremu ya alumini ya kawaida, alumini itayeyuka na kioo kitaanguka kizimakizima. Fremu, bawaba, kitasa, mpira wa pembeni unaovimba kwa joto, vyote vinajaribiwa pamoja na vinauzwa pamoja. Na mlango lazima ujifunge wenyewe."

Usiku huo Mufleh alimsikiliza mkewe mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mzito wa kukataa watu. Alisema sawa, atakwenda kuzungumza na Shtaywi. Siku tatu zikapita hajakwenda. Aliona haya. Kwao huwezi kumruka mtoto wa ami yako ukampa kazi mgeni. Watu watasema ukoo umevunjika.

Siku ya nne Shtaywi akaja mwenyewe, akiwa amevaa shuka lake jekundu la kichwani kama mtu anayekwenda harusini. Habari za kioo kingine zilikuwa zimeshamfikia. Akakaribishwa, akakaa, Mufleh akammiminia kahawa chungu. Shtaywi akapokea kikombe, akakiweka mezani mbele yake bila kukigusa.

Kila mtu wa kule anajua maana yake. Mgeni akikiacha kikombe hivyo, ana haja, na hanywi mpaka atimiziwe. Mwenye busara huuliza kwanza, haja yako ni ipi? Lakini Mufleh alitaka kuonekana karimu.

"Kunywa kahawa yako, ndugu yangu," alisema. "Ulilojia umepewa."

Rudaina alikuwa mlangoni na sinia la tende. Alifumba macho.

Haja ya Shtaywi ilikuwa fupi. Kioo ameshakikata kwa vipimo vya tundu lile. Jumamosi anakileta, na asiguse mgeni kazi ya nyumba ya ami yake. Kisha akanywa kahawa yake yote, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaaga.

Rudaina alisubiri mlango ufungwe. Hakupiga kelele.

"Umemuuza mama yako kwa kikombe cha kahawa, Baba Sinan."

"Neno limeshatoka, mke wangu. Nikilirudisha, nitatembeaje mjini?"

"Na mama yako atatembeaje ngazini?"

Mufleh alikiokota kile kikombe kitupu, akakirudisha mezani. Aliinama, akashika kichwa. Alikuwa anaogopa naye, ila aibu ilimzidi nguvu.

Rudaina akapanda ghorofa ya nne akilia. Alimkuta Hajja Watfa anachambua dengu. Akamweleza yote, hata habari ya kumpima kwa saa. Hapo bibi aliacha dengu zake.

"Yaani umenipima dakika kama yai la kuchemsha?"

"Nisamehe, Mama. Niliogopa."

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na hicho kioo cha Shtaywi kitanisubiri ngapi?"

"Mungu ndiye ajuaye, Mama. Cha magodoro hakikufika tano."

Aliutazama mkongojo wake, akaitazama nanaa yake dirishani. Rudaina aliona kidevu cha mama mkwe wake kikitetemeka. Hakuwahi kumwona mwanamke yule akiogopa. Kisha bibi akasema aletewe baibui lake.

Nyumba ya Shtaywi ilikuwa uchochoro wa pili. Mpaka kufika kwake alasiri ilikuwa imekwisha. Shtaywi alipomwona mke wa ami yake mlangoni, na nyonga ile, alikimbia kumpokea. Akamkalisha kwenye godoro bora, akamletea kahawa kwa mikono yake mwenyewe. Hajja Watfa akapokea kikombe, akakiweka chini kando ya goti.

Shtaywi akababaika. Hilo ni jambo la wanaume, na aghalabu la wazee wenye ndevu. Lakini angemwachaje mama mkubwa na kikombe kinachopoa? Naye akaropoka vilevile.

"Kunywa, Mama Mkubwa. Haja yako imepita."

"Umesema mwenyewe, na Rudaina shahidi," alisema Hajja Watfa. "Mfungue mwanangu kwenye neno lake. Hicho kioo ulichokata, kitafutie bafu la mtu, huko hakuwaki moto. Kisha uende kwa wanaouza kioo cha moto, wakufundishe, na ukiweke wewe kwa mkono wako. Sitaki mgeni. Nataka wewe. Mimi nashuka ngazi ile kwa dakika kumi na mbili, Shtaywi. Nikifia pale, utasimama wewe kupokea rambirambi?"

Shtaywi aliangalia sakafu. Uso ulimwiva. Mwisho akasema hakujua. Miaka ishirini anakata vioo, na hakuna aliyemwambia habari ya joto, wala ya dakika. Alidhani kigumu ni kigumu kwa kila kitu. Aliahidi kwenda, na kiapo chake kilikuwa cha kweli. Hajja akanywa kahawa yake, akalalamika kuwa imepoa.

Kioo kiliagizwa Amman. Kilichukua wiki tano, kwa sababu hakikatwi nyumbani. Kinakuja kwa kipimo chake kutoka kiwandani. Siku zote hizo Rudaina aliishi roho mkononi. Hanadi alimshauri Mufleh azibe tundu kwa matofali kwa muda, naye hakubisha.

Kilipofika, fundi wa kampuni alikuja nacho, akafanya kazi bega kwa bega na Shtaywi. Shtaywi alishangaa uzito wake. Vilikuwa vioo kadhaa vimeshikanishwa, na katikati yake kuna dawa kama gundi isiyo na rangi. Mara moja alitoa drili atoboe nafasi ya kutundika kibao kilichoandikwa Karibu. Fundi akamshika mkono kabla hajagusa. Ukikitoboa, dawa inaharibika na umenunua dirisha la kawaida kwa bei ya ng'ombe. Baadaye Shtaywi alitaka kuigeuza ile pembe yenye alama, ifichike chini ya fremu, kwa kuwa inachafua sura ya duka. Hapo Hanadi, aliyepita kuangalia, akacheka. Alimwambia alama ndiyo cheti cha kioo. Mkaguzi asipoiona, kwake kioo hicho hakipo.

Na kweli, mkaguzi wa zimamoto alipokuja, jambo la kwanza alilofanya ni kuchutama kwenye pembe. Akalinganisha namba ya kioo na namba ya cheti. Akakagua fremu ya chuma na mpira wake. Kisha akaufungua mlango hadi mwisho, akauachia. Mlango ukarudi wenyewe taratibu, ukaingia kwenye kitasa. Akasaini karatasi, akaomba sahani ya kunafa, akalipia.

Mtu angedhani Rudaina sasa atapumua. Wapi! Ramadhani ikaingia, na Mufleh akaanza mchezo wake. Wateja walikuwa wengi, mvuke ulijaa dukani, na mlango wa kujifunga ulimchosha. Akachukua kopo la samli akautega nalo usijifunge. Alisema mlango uliofungwa ni aibu, mtu ataona kama hatakiwi. Rudaina akashuka, akaondoa kopo. Saa moja baadaye likarudi. Akaondoa tena. Ilikuwa hivyo wiki mbili, mpaka wateja wakawa wanawatania, wakiuliza leo nani kafunga bao.

Jioni moja alichoka. Hakugusa kopo. Alimwambia mumewe mbele ya wateja, kwa sauti ya chini, "Ukiuacha wazi, tumenunua tundu." Akapanda zake juu kumsaidia Hajja kuandaa futari.

Siku iliyofuata, nusu saa kabla ya magharibi, alikuwa ghorofa ya nne na Hajja na watoto. Harufu ilikuja kwanza. Kisha makelele kutoka barabarani. Akakimbilia dirishani, akaona moshi mweusi unatoka mbele ya duka na watu wanakimbia. Baadaye alijua kilichotokea. Karai la mafuta lilishika moto, na mpishi mpya wa dukani, kwa hofu, akalimwagia maji badala ya kulifunika. Moto ukaruka hadi darini.

Rudaina aliwaza jambo moja tu. Kopo. Leo hakushuka kuliangalia. Kama limeutega mlango, ngazi hivi sasa imejaa moshi, na wao wako juu kabisa.

Alifungua mlango wa nyumba kidogo, akanusa. Hewa ilikuwa safi. Akawatanguliza Sinan na Joud, akawaambia washikane mikono, wasisimame popote, wagonge milango ya baba zao wadogo huku wakishuka. Yeye akamshika Hajja Watfa kiunoni.

Wakaanza kushuka. Kidato, pumziko, jina la Mungu. Mashemeji waliwapita na watoto wao. Mmoja alitaka kumbeba mama yake, Hajja akamfukuza aokoe wanawe kwanza. Ghorofa ya tatu. Ghorofa ya pili. Kila walipofika pembe ya ngazi Rudaina alijiandaa kukutana na moshi, na kila pembe haukuwapo. Ghorofa ya kwanza akasikia moto wenyewe unavuma, karibu kabisa. Machozi yalimtoka, akaendelea kushuka.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Kioo hakikuonyesha kitu tena. Kilikuwa kimegeuka cheupe kama maziwa, maana ile dawa ya ndani ilikuwa imeumuka kwa joto na kujifanya ukuta. Nyuma yake duka lote lilikuwa linawaka. Upande wao ngazi ilikuwa na mwanga wa taa, na hewa ya kupumua. Kabla Rudaina hajamzuia, Hajja Watfa alinyoosha mkono, akakigusa.

"Kimepata joto tu," alisema kwa mshangao, "kama ukuta uliokaa juani."

Wakatoka uchochoroni. Mufleh alikuja mbio kutoka barabarani, nyusi zimeungua, akiwa na kiatu kimoja. Alimshika Sinan, akamshika Joud, akamgusa kila mtoto wa ndugu zake kichwani akiwahesabu kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Alipomwona mama yake ametoka kwa miguu yake, alikaa chini palepale vumbini. Rudaina akamuuliza jambo moja, nani alifunga mlango. Mufleh akajibu kwamba kopo alilitupa jana usiku, baada ya maneno yale. Hakumwambia kwa kuwa aliona haya.

Zimamoto waliuzima moto. Duka liliteketea ndani, majiko, dari, masinia, vyote. Ngazini hapakuungua hata rangi ya ukuta. Shtaywi aliyekuwa amefika akihema alisimama mbele ya kile kioo cheupe muda mrefu, akaisoma ile alama kwenye pembe, herufi mbili na namba, midomo ikimchezacheza.

Adhana ya magharibi ikaita. Majirani walileta tende, mchuzi wa dengu na maji, wakatandika mkeka uchochoroni. Rudaina alichukua tende, akairudisha sahanini, kwa sababu sasa ndipo kilio kilipomjia. Kando yake Hajja Watfa alisema bismillahi, akafungua saumu yake, akanywa maji, kisha akageuka kuuliza ni nani aliyeleta maji yasiyo ya baridi.